Unga Mweupe wa Mama Dorine

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umeme umekatika mtaani Katuba, lakini maabara ya shule haisubiri umeme. Dorine Mwaba, mhudumu wa maabara hiyo mwenye miaka arobaini na saba, amechutama uani kando ya mbabula, jiko lake la makaa, akikoroga punje za buluu kwenye kibakuli cha kauri. Taratibu buluu inafifia, punje zinageuka unga mweupe kama wa muhogo.

"Ukizidisha moto, inaungua," anasema. "Inataka uvumilivu, sawa vile kulea mutoto."

Unga huo ni salfeti ya shaba iliyotolewa maji yote. Kwa Kifaransa cha darasani huitwa anhydre, neno ambalo Dorine alijifunza kupitia kosa. Wiki yake ya kwanza shuleni, akiwa mfagiaji, aliona chupa ya unga huo ina vumbi. Akaifungua, akaipangusa kwa kitambaa kibichi, akaiacha wazi ipate hewa. Kesho yake unga ulikuwa wa buluu.

"Nililia. Nilisema, kazi imeisha."

Mwalimu Lucien wa kemia hakumfukuza. Alimwekea punje za buluu kiganjani, zikiwa kavu kabisa.

"Unaona ni kavu, lakini ndani mayi iko," alimwambia. "Anhydre ni ile yenye haina mayi, hata ya kufichama."

Kisha akampa kibakuli aukaushe mwenyewe. Miaka kumi na tisa baadaye, Dorine ndiye anayewaonyesha wanafunzi kwamba tone la spiriti likiugeuza unga kuwa buluu, spiriti hiyo ina maji.

Na mjuzi huyu hana diploma. Mwaka jana alijiandikisha kufanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Siku ya mtihani alifika getini, akawaona watoto anaowaoshea vyombo wamepanga mstari, akageuka akarudi nyumbani.

"Nilisikia haya ya kukaa na batoto," anasema, macho chini.

Inauma kumsikia. Ila mficha uchi hazai, na siri ya kugeuka kwake getini ilivuja hadi kwa wanafunzi. Mwaka huu wanafunzi wa darasa la mwisho, wakiongozwa na Bénie, wameapa kumpitia nyumbani asubuhi ya mtihani ili waingie pamoja. Dorine amewapa sharti moja.

"Ile siku musiniite mama. Muniite Dorine. Niko mwanafunzi sawa bengine."

Bénie, aliyekuja asubuhi hii kumsaidia, anakaza kifuniko cha chupa ya unga.

"Tutakukamata mukono, tutaingia," anajibu. "Lakini ile ya kukuita jina, hapana, Mama."