Kifua Kilichokatwa Herufi

Siku nilipomwona mara ya kwanza alikuwa mweupe kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga, amepiga magoti, anachonga jina la marehemu. Hakuinua kichwa.

"Unatafuta kazi au jiwe?"

Nikasema kazi.

"Afadhali. Wa jiwe huwa wanalia."

Mtaani walimwita Mwandishi, kwa sababu katika wote aliowaandika hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Mimi aliniita Kimya. Nilimsugulia mawe miaka kumi na moja, na maneno niliyosema humo yangetosha jiwe moja dogo.

Kikohozi kilipomzidi, binti yake alimpeleka hospitali. Picha ya kifua ikaonyesha madoa matatu kwenye pafu la kulia. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yake, akamweleza kwamba doa kwenye picha bado si ugonjwa, ni kivuli tu. Linaweza kuwa kovu la kifua kikuu au nimonia ya zamani, fangasi, vumbi la mawe, uvimbe usio na neno, au uvimbe wenye neno.

Mwandishi alirudi na orodha hiyo, akawa anachagua kama mtu aliye dukani.

"Kovu linanifaa," alisema. "Vumbi nalo si baya, tumezoeana. Hilo la mwisho sikulisikia vizuri."

Alilisikia. Tangu siku ile tarehe za kufa alizichonga polepole mno.

Daktari alitaka kitu kimoja: picha ya zamani. Kama madoa yalikuwepo na hayajakua, aende zake nyumbani. La sivyo, angechomwa sindano ya kutoa kinyama cha pafu kikapimwe. Na picha alikuwa nayo, ya miaka sita nyuma, alipougua nimonia. Tatizo ni kwamba ilikuwa kazini.

Sisi wachongaji hatutupi picha za eksirei. Karatasi huloa, lakini plastiki ile haichakai. Tunaikata herufi kwa wembe, tunailaza juu ya jiwe, tunapaka rangi kwenye matundu, kisha patasi inafuata. Majirani walituletea mikono, miguu na vifua vyao. Cha Mwandishi kilikuwa humo humo, vipande vipande.

Tulishinda asubuhi nzima dirishani tukiinua herufi moja moja kwenye mwanga.

"Huu ubavu wako?"

"Mimi niwe na ubavu mnene hivyo? Huyo muuza mkaa."

"Na hii?"

"Hilo goti, Kimya. La shemeji yangu. Ndilo lililomzuia kuja kuniona nilipolazwa, lakini harusini lilicheza."

Tukapata vipande vinne, tukaviunga kwa utepe. Daktari akaviweka kwenye ubao wa taa. Kifua kilisomeka M, A, N na O.

"Mzee, haya mawili yalikuwepo, na hayajakua. Nayasamehe. La tatu..." Akaweka kidole kwenye tundu la O. Palikuwa na mwanga mtupu. "Kipande cha hapa kiko wapi?"

Mwandishi akanitazama. Mfagiaji wa karakana ni mimi.

"Kilipotea kazini," alimwambia daktari, na hakunitaja.

Basi sindano ikawa ya lazima. Tulisubiri majibu wiki mbili, yeye akijifanya hasubiri. Yakaja: vumbi la mawe, si uvimbe. Alicheka kama aliyeshinda kesi, mpaka daktari alipomalizia kwamba asiguse jiwe tena maisha yake yote. Mauti yamemwachia, wafu wamemfukuza kazi. Binti yake akaja kumchukua wakaishi wote.

Asubuhi ya safari alipita karakanani, akaitoa ile O kwenye kile kifua, akaitia mfukoni mwa koti. Nilitaka kumwomba radhi kwa kile kipande nilichokifagia. Akaniwahi. Akanishika bega.

"Herufi O utakata nyingine, Kimya. Ila mwenye kifua muulize kwanza kama ameshapona."