Duka Lisiloonekana Pichani

Mjomba wangu mpiga picha ana picha za mtaa wetu za miaka thelathini na moja, na katika zote duka lake halimo. Mbuzi aliyepita siku moja tu akajipatia umaarufu wake, yumo. Mjomba hayumo, wala kibao chake, wala mlango wake wa bluu.

Hilo halikumsumbua mtu mpaka barua ya manispaa ilipofika. Maduka ya upande wetu yaliyojengwa baada ya barabara kutiwa lami yavunjwe. Yaliyotangulia lami yabaki, mradi mwenyewe awe na ushahidi. Ofisa angepita Alhamisi kuutazama. Leseni za zamani za mjomba zilishaliwa na mchwa, tena kwa utaratibu, kuanzia kwenye mhuri. Zikabaki picha.

Tulizishusha kutoka juu ya kabati, maboksi tisa ya viatu, zimechanganyika na za wateja. Ninaposema tulizishusha, namaanisha mimi. Mjomba alikaa kwenye stuli ya wateja akiniagiza, maana magoti yake siku hizi yana maoni kuhusu kila jambo. Kila mwaka, asubuhi ya kwanza, alisimama kizingitini, akapiga picha moja ya mtaa, akaandika mwaka nyuma yake kwa penseli, basi. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi hata mara moja kuvuka barabara alipige picha duka lake.

"Mpwa, ningemwachia nani duka?"

Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye barua haikumgusa, alikuja kutusaidia kwa maneno, kama kawaida yake. Aliokota picha ya zamani akashangaa kumbe aliwahi kuwa na nywele. Mjomba akamwambia nazo zilitangulia lami. Ndicho kicheko pekee tulichopata siku ile.

Mimi diploma ya upimaji ardhi niliiacha nusu, lakini nusu niliyosoma ilikuwa na somo la kulinganisha mistari. Nikachukua picha moja ya enzi za vumbi, nikatoka na simu. Kwenye picha, nguzo ya umeme inaziba dirisha la tatu la ghala la mbele. Nikisimama barabarani, inaziba la pili. Nikisogea pembeni, la nne. Nilipoegemea mlango wa mjomba, ikaziba la tatu sawasawa. Nikajiona nimemaliza kazi.

Alhamisi ofisa akaja, kijana mwenye faili na viatu vilivyochoka kuliko vyetu. Alilinganisha picha na mtaa bila haraka, akakubali kwamba mpiga picha alisimama pale. Kisha akasema mtu anaweza kusimama mahali bila kuwa na duka.

Mjomba alianza kukusanya picha zake polepole, kama mtu anayefunga biashara. Hapo nikaona moja aliyoigeuza kifudifudi na kuifunika kwa kiganja. Nikainyooshea mkono.

"Hiyo iache," akasema. "Imeharibika. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Nyuma, chini ya mwaka, alikuwa ameandika neno hilohilo: imeharibika. Mbele, mtaa wote ni tope, lami haijazaliwa, mvua inamwagika. Na juu kabisa, ufito mweusi wenye mawimbi unakata anga, ukidondosha maji. Mwaka ule mjomba hakutaka kulowesha kamera, akarudi hatua moja ndani. Ukingo wa bati lake ukaingia kwenye picha, na hajajisamehe mpaka leo.

Nikampa ofisa. Alisimama mlangoni, akaitazama, akainua macho juu. Bati la pembeni limepinda ncha, pichani na pale juu. Alikaa hivyo shingo ikiwa imekunjwa kwa muda mrefu, halafu akafungua faili.

"Mzee, hii nitaondoka nayo. Duka linabaki."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Alipoondoka ofisa, mjomba alisema miaka thelathini na moja amejitahidi kupiga picha safi, na iliyokwenda serikalini ni ile mbovu.

Nikamwomba asimame mlangoni, nivuke nimpige picha na duka lake. Akasema magoti. Nikavuka hivyohivyo, nikapiga: kibao, mlango wa bluu, bati lililopinda, na ndani gizani, yeye kwenye stuli.

Nilimletea simu. Aliishika mbali na uso, akaitazama.

"Nimefumba macho," akasema. "Utarudia kesho."

Akayafumba tena.