Dole Gumba la Shahidi

Kama utacheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatishwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Nanyala, saa nne asubuhi, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nyumba yetu ni ya tofali za kuchoma. Juu ya mlango zipo tatu zenye alama ya dole gumba, dole lenye kovu lililokata katikati. Utoto wangu wote nilikuwa nalipachika langu pale, halienei. Sasa barabara inapanuliwa, wakatupigia X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Nikasikia nyumba ikitambuliwa kuwa ya kihistoria haiguswi. Nikaenda ofisini wilayani.

Binti wa pale alinijazia fomu, maana mimi shule niliishia la pili. Mwalimu alinituma kutafuta mbuzi wake na sijarudi mpaka leo. Mjenzi nani? Nikasema babu yangu. Akaandika.

"Hapa sasa, babu, anatakiwa shahidi aliyeiona ikijengwa."

"Wote wako makaburini, mjukuu wangu."

"Basi kawalete wasaini!" Ofisi nzima ikacheka.

Niliondoka na fomu yangu na hasira yangu. Nilipofika nyumbani nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Mmesikia? Mnaitwa ofisini." Hasira hizo, ndugu yangu.

Kesho yake akaja mama mmoja, kaniki kiunoni, miguu imelowa tope jekundu mpaka magotini. Tope la wapi, mwezi wa nane, vumbi linaingia mpaka kwenye uji? Hakubisha hodi. Nani anabisha hodi kwake?

"Lete hiyo karatasi," akasema kwa Kinyiha cha zamani. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye jina la babu. "Huyu? Huyu alikuwa ng'ambo kwenye migodi ya shaba. Tope nilikanyaga mimi, na baba yako tumboni."

Hapo nikajua naongea na nani. Akachovya dole lake kwenye tope la mguuni, akalipitisha juu ya lile jina, jina likafutika. Kisha akaligandamiza dole penye shahidi. "Na wewe," akaniambia, "acha kulialia maofisini. Simama imara."

Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kahawa. Nikamfuata mbio. Hakuna mtu, hakuna unyayo. Nikalinganisha fomu na tofali: kovu lilelile.

Ofisini yule binti aligusa alama, kidole kikatoka kimelowa. Safari hii hakucheka mtu. "Babu," akasema polepole, "tafuta shahidi aliye hai."

"Nisomee. Imeandikwa wapi kwamba awe hai?"

Akasoma mara mbili. Haijaandikwa.

Mpaka leo hawajanijibu, na mpaka leo lile dole halijakauka. Fomu yangu wanaiweka peke yake isilowanishe faili za watu. X ipo ukutani, na kiti changu nimekiweka chini yake. Sihami.

Na wewe unayekaa mezani na mhuri, usimtume mzee makaburini kwa mzaha. Atakwenda. Na atakayerudi naye hapangi foleni.