Barua Niliyompa Shangazi

Nilipewa siku tatu za kuaga kabla kikosi chetu hakijaenda ng'ambo kulinda amani. Mbili za mwanzo nilizimaliza kwa kula. Mtaa wetu wa Muyeye, pale Malindi, wote ulijua naondoka, na kila nyumba niliyoingia niliwekewa sahani, nikaambiwa nile, huko niendako hakuna wali wa nazi. Siku ya tatu nikajifungia chumbani kwa shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikamwandikia mpenzi wangu wa Gede.

Mtu ataniuliza, siku hizi barua za nini? Simu ninayo, naye anayo. Lakini simu huleta jibu papo hapo, na jibu ndilo nililoliogopa. Tulikuwa tumependana miaka miwili, babake akijifanya haoni, na bado sikuwa nimeposa. Kila mara nilisema nimalize nyumba kwanza, nipaue kwanza. Sasa nilikuwa naondoka kwa mwaka mzima, na nimesikia kuna mfanyabiashara wa Watamu ameanza kuulizia habari zake.

Niliandika mambo ya kipuuzi. Anavyochambua miiba ya samaki na kunisogezea minofu bila kusema kitu. Anavyonuna nikichelewa. Ile siku aliyonicheka mpaka akakaa chini, kwa sababu mimi, askari mzima, nilimkimbia ng'ombe wa jirani yao. Kisha mwishoni nikajitia uungwana: "Mwaka ni mrefu. Akija mtu kukuposa, usimkatae kwa ajili yangu."

Uongo mtupu. Nilitaka awakatae wanaume wa pwani yote. Lakini niliona haya kumwomba aningoje, basi nikajifanya mkarimu.

Shangazi alikuwa barazani akipepeta mchele.

"Shangazi, hii umpe yule binti wa Gede. Nakuomba."

Aliipindua bahasha, akaitazama mbele na nyuma. "Wataka niipeleke mimi?"

"Nani mwengine? Ninayemwamini ni wewe."

"Haya," akasema. Akaitia chini ya kitambaa cha meza, akarudi kwenye ungo wake. Alasiri ile nikaondoka.

Wiki mbili za kwanza ng'ambo hatukuwa na mtandao. Ulipopatikana, Jumapili moja adhuhuri, ujumbe wa mpenzi wangu ndio uliotangulia kuingia. "Barua yako imefika. Siku ile ile, Ijumaa, walikuja watu kuniposa. Nimefanya ulivyoniandikia. Sikukataa."

Nilikaa juu ya kreti la maji ya kunywa. Nilimkasirikia yeye, kisha yule mtu wa Watamu ambaye hata sura yake siijui, kisha mkono wangu mwenyewe ulioandika ujinga ule. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama kwetu kuna msiba. Nikamwambia ndiyo. Nikampigia shangazi, maana sikuwa na mwengine wa kumlaumu.

"Shikamoo, shangazi. Ni nani aliyekwenda kumposa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi."

Nilidhani hakunisikia. Nikamuuliza tena.

"Mimi, nimekwambia. Si wewe uliyenituma? Umenipa barua niipeleke nyumba yenye mwana wa kike, mimi shangazi yako. Ningeingia mikono mitupu? Nikafukiza buibui langu udi, nikanunua halua, nikamchukua na ami yako. Babake kuniona na bahasha tu, akatuma nduguze waitwe. Nawe wajua barua kama ile hufunguliwa na nani."

Nilijua. Kila aliyelelewa Malindi anajua. Barua ya posa hubebwa na wazee, hupokewa na baba, husomwa mbele ya watu. Mimi nilishinda chumbani nikichagua maneno, na sikufikiri hata kidogo ni nani ninayempa ayabebe. Au labda shangazi alifikiri kwa niaba yangu. Mpaka leo hajakubali wala hajakataa.

"Akaisoma yote?"

"Yote."

"Na ya ng'ombe?"

"Na ya ng'ombe. Walicheka sana, ami yako alipaliwa na kahawa. Kufika pale mwisho, mzee akavua miwani. Akamwita binti yake, binti akaja akasimama mlangoni. Mzee akamwambia, 'Huyu kijana ameandika akija mtu kukuposa usimkatae. Watu ndio hawa, wamekuja, na barua ni yake mwenyewe. Wasemaje?'"

Laini ikaanza kukwama. Nikasimama juu ya kreti, nikainua simu, nikairudisha sikioni. Sijawahi kuogopa kitu namna ile, na nilikuwa nimevaa kofia ya chuma.

"Akasemaje, shangazi?"

"Mwanamwali atasema nini mbele ya babake? Alikuja akaniongezea chai."