Shati la Matanga la Ndifor

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata hapa Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, ambako watu humeza habari zangu bila kutafuna, wapo walioniambia, Mjomba Mwadini, hii sasa umezidi. Lakini ni kweli tupu, na kutia chumvi si tabia yangu. Palikuwa na mafundi cherehani wawili, wote Wakameruni, meza moja, pasi moja, na ikafika siku wakawa hawawezi kusemezana ila kwa Kiswahili cha Bukavu.

Wa kwanza ni Ndifor, ndiye ninayemsimulia: kifua kipana, sauti ndogo. Kiswahili alifundishwa na mkewe Jocelyne, Mkongo wa Bukavu, na masomo mengine alifundishwa jikoni, mengine siyasemi. Wa pili ni Gustave, mtu wa Douala, mwembamba kama uzi; chake alikiokota pale pale mezani.

Shule sikukaa nayo sana, mlango wake pale Tanga naujua kuliko ubao. Lakini jambo hili nililielewa vizuri nikiwa nimekaa kwenye benchi lao, nikinywa chai yao. Nchi yao ilikuwa ya Mjerumani. Aliposhindwa vita, Mfaransa na Mwingereza wakaikata kama watu wanaogawana kitambaa bila kumuuliza mwenye mwili. Baadaye vipande vikaunganishwa tena, ikawa nchi moja changa, ila mshono haukuacha kubana. Upande wa Ndifor, hakimu, mwalimu na fundi cherehani walifuata njia ya Mwingereza. Upande wa Gustave, ya Mfaransa. Bahati nzuri futi ya kupimia ina pande mbili. Ndifor alipima kwa inchi, Gustave akaigeuza na kukata kwa sentimita, na wateja wakavaa. Wakataniana kwa pijini, Kiingereza cha mitaani cha kwao, kutwa nzima.

Mwaka 2017 upande wa Ndifor ukaingia kwenye mapigano na serikali, iliyojaa watu wa upande wa Gustave, na pijini ikafa pale mezani. Ndifor hakutaka hata kusikia redio ya Kifaransa. Gustave naye alichoka kutazamwa kama serikali. Kilichobaki ni Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyewahi kuwatawala kwayo.

"Nipe mkasi."

"Chukua."

Basi, mpaka jioni.

Mwaka uliofuata mama yake Ndifor alifariki. Kijiji kilikuwa kimechomwa, kila upande ukiulaumu mwingine, naye alifia porini alikokimbilia na majirani. Wakamzika huko huko. Mwanawe hakuweza kwenda.

Ndifor na mkewe wakakodi ukumbi mdogo Bellevue, mtaa wa jirani, kwa ajili ya matanga. Kwa kina Ndifor, siku ya kuomboleza ukoo mzima huvaa kitenge cha aina moja, na mfiwa hashiki sindano. Nguo yake hushonwa na mtu anayemhesabu kuwa ndugu. Na ndugu zake Ndifor walikuwa wametawanyika, wengine hajui walipo.

"Mpelekee Gustave," Jocelyne alisema.

"Yule si ndugu."

"Nani basi? Mjomba Mwadini? Huyu hata kifungo kinamshinda."

Kifungo hakinishindi, nakidharau tu.

Ndifor akainua mikono ili mkewe ampime. Jocelyne alimpelekea Gustave kitenge na maneno mawili matatu: kifua arobaini na nne, la matanga. Tangu hapo Ndifor hakuwa na wazo jingine. Je, yule mtu atashona kama ndugu, au kama fundi aliyepewa kazi?

Asubuhi ya matanga shati lilifika limekunjwa vizuri. Ndifor akalivaa. Mabega yalibana, vifungo vikakataa kukutana na matundu yake. Lilikuwa shati la kijana.

"Amenitukana," alisema taratibu. "Siku ya mama yangu."

Akatoka nalo hivyo hivyo, kifua wazi, akavuka Rockey Street bila kuitazama roboti, yaani taa ya barabarani, madereva wa teksi wakampigia honi. Gustave alikuwa anapiga pasi. Alipomwona akaiweka kando.

"Arobaini na nne," Gustave alisema. "Sisi tunapima nusu ya kifua. Kwa sentimita."

Hapo Ndifor akaelewa. Jocelyne alitaja inchi bila kusema ni inchi, na ni za kifua kizima.

"Lakini unanijua," alisema. "Umeniona miaka yote hii. Huu ni mwili wa kuvaa hii?"

"Niliona ni ndogo mno, lakini tangu msiba hujaja mezani. Nikamuuliza mkeo hali yako, akasema huli tangu habari ilipofika. Nikasema, basi majonzi yamemmaliza. Nilikata nikikulilia."

Macho ya Ndifor yakaenda nyuma ya mlango, ambako palining'inia shati jingine la kitenge kile kile.

"La nani hilo?"

"Langu, kitenge nilinunua mwenyewe. Sikujua kama utanikubali nalo, nikalitundika."

Gustave alilishusha, akachukua wembe, akaanza kufumua mshono wa ubavuni.

"Sasa wewe utavaa nini?"

"Mfiwa ni wewe. Vua."

Ndifor alivua. Sindano hakuigusa, lakini alishika kitambaa kikanyooka wakati mwenzake akitia vipande mbavuni na mabegani. Kilichobaki cha shati la Gustave kilikuwa ukanda tu. Ndifor akauchukua, akamfunga Gustave mkononi kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi nilikuwapo ukumbini, sikuhadithiwa. Waliingia pamoja, watu mia tano wakasimama kwa mpigo, polisi nje wakavua kofia, na Gustave akapanda mbele akahutubia kwa Kiingereza safi hata malkia angeli—

"Mjomba." Ni Ndifor, ninayemsomea haya huku akipiga pasi. "Ukumbi ule haukuwa na watu hata thelathini. Na Gustave hakusema kitu. Alikaa kwenye viti vya ndugu, akalia. Andika hivyo."