Honda Nyekundu Njia Panda ya Maswa

Luhaga Masele alipunguzwa kazi tarehe 30 Juni 1995, baada ya kuwa bwana shamba wa pamba Bariadi tangu ujana wake. Chama cha ushirika kilikuwa hoi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia vijijini na mizani yao. Kama sehemu ya kiinua mgongo alipewa pikipiki ile ile aliyoendea mashambani, Honda nyekundu yenye tangi lililochubuka. Wenzake sita walipewa vivyo hivyo. Honda zilizobaki zilipigwa mnada, na mawakala wa wanunuzi wakazigombania.

Wale saba wakaunda klabu. Kila msimu wa pamba ukiisha walitoka pamoja kutwa nzima, wakipita vijiji walivyovihudumia, ambako bado waliitwa mabwana shamba. Siku nyingine zote Luhaga alikaa kibarazani akisikiliza malori ya watu wengine.

Mwaka 1997 jicho lake la kushoto lilikuwa limezibwa na ukungu, na la kulia lilianza kulifuata. Aliyejua ni mkewe Milembe tu. Asubuhi ya safari alimkuta akipapasa tundu la ufunguo.

"Baba Goodness, waambie wenzako."

"Nikiwaambia watanipakia nyuma kama gunia."

Milembe akamfunga vifungo vya koti.

Klabu ilikuwa na sheria moja. Kwa sababu ya vumbi waliachana mbali, na Joakim, aliyetangulia, ndiye aliyechagua njia huko huko barabarani. Kwenye njia panda kila mmoja alisimama mpaka amwone wa nyuma yake, akanyoosha mkono kumwonyesha pa kukata, na yule akainua wake kujibu. Ndipo akaondoka. Luhaga alikuwa wa sita. Nyuma yake alikuwepo Thomasi peke yake.

Nje ya Maswa, Joakim alikata kuelekea Malampaka. Zamu yake ilipofika, Luhaga alisimama akageuka. Vumbi lilikuja, na ndani yake kitu chekundu. Alinyoosha mkono. Hakuona mkono ukijibu, akalilaumu jicho, akawasha na kuondoka.

Yule alikuwa wakala wa pamba juu ya Honda ya mnada, akielekea Shinyanga. Thomasi alipofika njia panda hapakuwa na mtu, ila mbele yake, kwenye barabara ya Shinyanga, Honda nyekundu ilikuwa ikitokomea vumbini. Akaongeza mwendo kuifukuza.

Huko Malampaka, karibu na stesheni, sita walikunywa chai wakisubiri. Mayala, aliyekuwa mtani wa wote, alisema Thomasi amepita kwa shemeji zake na sasa hivi anabembelezwa amalizie kibuyu. Walicheka. Joakim hakucheka.

"Luhaga, ulimwona akiinua mkono?"

Luhaga aligeuza kikombe chake.

"Niliona nyekundu."

Hawakumaliza chai. Walirudi mpaka Maswa, na pale njia panda wauza mahindi wakawaambia kwamba mtu wa Honda amegonga ng'ombe waliokuwa wakivuka kwenda kunywa maji, amebebwa hospitali. Walimkuta Thomasi kitandani, paja limevunjika, midomo imekauka.

"Nilimfuata yule nikijua ni wewe," alimwambia Luhaga. "Ulikuwa hunisubiri. Nikajiuliza nimekukosea nini."

Luhaga alishika chuma cha kitanda.

"Jicho langu limekufa, Thomasi. La pili liko njiani. Nilijua kabla hatujatoka."

Hakuna aliyemkaripia. Mayala alitazama dirishani. Joakim alinyoosha kiganja, na Luhaga akaweka ufunguo juu yake. Honda yake ikabaki chini ya ukuta wa hospitali, na yeye akarudi Bariadi nyuma ya Mayala, amemshika kiunoni.

Jumatatu iliyofuata alipanda basi la Maswa na chupa ya uji wa Thomasi mapajani. Milembe alikaa pembeni yake ili amshike mkono wakati wa kushuka.