Jiko la Mama Tan

Mgahawa wa tambi wa Mama Tan ulikuwa juu ya ngazi zinazoshuka kwenda mtoni, na jiko lake lilikuwa moja tu. Luo Meifeng alipoolewa na mwanawe wa pili, alimkuta Qiaozhen, mke wa mwana wa kwanza, ameshalishika jiko hilo. Wote wawili walikuwa wapishi hodari.

"Supu kama hii kwetu tunawapa nguruwe," Qiaozhen alisema alipoonja upishi wa mgeni.

"Ndiyo maana nguruwe wenu wamenona kuliko nyinyi, dada," Meifeng akajibu.

Tangu siku hiyo, mmoja akitia chumvi, mwenzake aliongeza kana kwamba hajaona. Wateja wakaanza kuhamia kwa muuza maandazi ya nyama wa ng'ambo ya barabara. Waume zao walikuwa mjini kwenye kazi za ujenzi. Kurudi kwao Meifeng hakuweza. Mama yake alishamwambia nyumba yake sasa ni ile.

Akaomba aende kuuza tambi kivukoni.

"Ukienda, nani atanichungia huyu Qiaozhen?" Mama Tan alimuuliza kwa upole. "Akibaki peke yake, kesho ataniamrisha mimi."

Meifeng alirudi jikoni akamweleza Qiaozhen, aliyekuwa akisugua masufuria.

"Umejua leo?" Qiaozhen alisema bila kuinua kichwa. "Ulidhani alikuleta kwa ajili ya mwanawe?"

"Basi tuache huu ugomvi, dada."

"Tuache. Ila supu napika mimi."

Meifeng alitaka kukubali. Alijua ndiyo njia pekee ya kutoka. "Supu hapana," akajisikia akisema.

Baada ya mwaka mpya Qiaozhen alimfuata mumewe mjini, bila kuaga. Majira yote ya kuchipua Meifeng alipika peke yake. Wateja wakarudi, mwili ukamrudia, na siku moja akamwambia mama mkwe asiguse mfuniko wa sufuria yake.

Mama Tan alitabasamu tu. Kabla ya joto kupamba moto alimwoza mwanawe wa mwisho. Bibi harusi, Shuying, alikuwa ametoka kwenye jiko la hoteli. Aliingia asubuhi akiwa amefunga aproni yake, akachota supu kwa kijiko, akaonja.

"Dada," alisema, "hii umeionja mwenyewe?"

Meifeng alisogea, akasimama kati yake na sufuria.